Njia Panda ya Makambako: Udurusu wa Msuko na Mhusika katika Riwaya ya Kiswahili

Ikisiri

Mswada wa riwaya ya Kiswahili aghalabu hudurusiwa kwa kusahihishwa lugha kuliko kwa kujengwa upya kisa chake. Makala hii inadai kwamba pale dhamira inapofanya uamuzi ambao mhusika alipaswa kuufanya, msuko hulegea, na hata lawama ya kijamii iliyokusudiwa na mwandishi hupotea. Dai hilo linajadiliwa kwa kurejelea riwaya za Rosa Mistika, Utengano, Kuli na Mirathi ya Hatari. Kisha linajaribiwa kwa mswada wa mfano, uliobuniwa kwa ajili ya mjadala huu tu, ambao mandhari yake ni Njombe na Makambako. Makala inahitimisha kwa kupendekeza mpangilio wa udurusu unaoanza na haja ya mhusika na kuishia na lugha.

1.0 Utangulizi

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hupita hapo. Barabara ya kwenda Njombe na Songea huchepukia hapo. Na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina stesheni hapo. Kilomita zipatazo 60 kusini yake upo mji wa Njombe, wenye baridi na ukungu, ambao tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya mkoa uliomegwa kutoka mkoa wa Iringa. Kijana anayetoka katika vijiji vya Njombe kwenda kutafuta maisha nje ya mkoa, mara nyingi hana budi kupita Makambako.

Mahali kama hapa humshawishi mwandishi wa riwaya. Safari ya kutoka kijijini kwenda mjini ni mojawapo ya visa vilivyozoeleka sana katika fasihi ya Kiswahili, na njia panda inaonekana kama zawadi iliyokwisha kutayarishwa: mhusika anafika, anashuka, anapanda gari jingine, na maisha yake yanabadilika. Hata hivyo, kufika njia panda si kuchagua njia. Mhusika anaweza kusafirishwa na mwandishi kutoka sura ya kwanza hadi ya mwisho bila kufanya uamuzi hata mmoja ulio wake. Riwaya ya namna hiyo huwa na matukio mengi na msuko mchache.

Suala hili lina uzito wa pekee wakati huu. Tuzo ya Fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2015, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023, zimewapa waandishi wengi sababu ya kukamilisha miswada. Lakini tuzo humjulisha mwandishi kama ameshinda au hakushinda. Haimwelezi ni kwa nini katikati ya kisa chake pamelegea. Maelezo hayo yanatarajiwa kutoka kwa mhariri na mhakiki. Mwandishi aliyeko mbali na Dar es Salaam, walikojikusanya wachapishaji wengi, anaweza kupokea jibu la kukubaliwa au kukataliwa bila kupata mazungumzo yoyote kuhusu ujenzi wa kazi yake. Kwa hiyo, nadharia ya udurusu si jambo la anasa. Ni sehemu ya wajibu ambao uhakiki wa Kiswahili bado haujautekeleza ipasavyo.

2.0 Urithi wa kusahihisha lugha na kutafuta ujumbe

Mtazamo unaotawala kuhusu udurusu una historia yake. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilipewa jukumu la kusanifisha Kiswahili, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kupitia lugha ya vitabu vilivyokusudiwa kutumika shuleni. Katika mazingira hayo, kitabu kizuri kilikuwa, kwanza kabisa, kitabu chenye Kiswahili kilichoafiki kawaida mpya. Kazi ya msahihishaji ilianzia katika tahajia na kuishia katika upatanisho wa kisarufi.

Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kipimo cha pili kiliongezwa: mchango wa kazi ya fasihi katika ujenzi wa jamii. Mwanafunzi aliyesoma riwaya teule alifundishwa kuitenga fani na maudhui, kisha kuorodhesha dhamira, ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi. Mbinu hiyo ilikuwa na manufaa yake. Iliwafanya wasomaji wengi watambue kwamba riwaya inazungumza na jamii yao. Tatizo ni kwamba orodha iliyotengenezwa kwa ajili ya msomaji iligeuka kuwa ramani ya mwandishi. Mwandishi chipukizi aliyejifunza fasihi kwa orodha hiyo huanza kuandika akiwa na ujumbe mkononi, kisha hutafuta watu wa kuubeba.

Kwa hiyo, mswada unapofika mezani huulizwa maswali mawili: Je, lugha ni sanifu? Je, ujumbe ni upi? Kati ya maswali hayo kuna nafasi tupu. Haulizwi mtu huyu anataka nini, nani anamzuia, anafanya nini ili akipate, na kitendo chake kinazaa nini. Maswali haya manne ndiyo yanayounganisha mhusika na msuko. Hayawezi kujibiwa kwa kalamu nyekundu pembezoni mwa sentensi, kwa sababu jibu lake linaweza kudai sura nzima iondolewe na nyingine iandikwe.

Mhakiki E. M. Forster, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1927, alitofautisha kisa, yaani mfuatano wa matukio kwa wakati, na msuko, yaani matukio yaliyofungamana kwa sababu na matokeo. Ni yeye pia aliyeeneza istilahi ambazo kwa Kiswahili zimefahamika kuwa mhusika bapa na mhusika duara. Katika ufundishaji, mambo haya mawili yamezoeleka kuwekwa katika vipengele tofauti, kana kwamba mwandishi anaweza kurekebisha msuko Jumatatu na wahusika Jumanne. Katika udurusu, hayatengani. Msuko umelegea kwa sababu mhusika hana haja. Mhusika ni bapa kwa sababu msuko haujamlazimisha kuchagua.

3.0 Nani anayeamua?

Riwaya tatu mashuhuri zinasaidia kuonesha tofauti kati ya kisa kinachoendeshwa na uamuzi wa mhusika na kisa kinachoendeshwa na uamuzi wa dhamira. Zimechaguliwa kwa sababu ni kazi imara: upungufu mdogo katika kazi imara hufundisha zaidi kuliko upungufu mkubwa katika kazi dhaifu.

Katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, Zakaria anamlea bintiye kwa ukali unaomkataza hata mazungumzo ya kawaida na wavulana. Rosa anapotoka nyumbani na kuingia katika maisha ya shule na chuo, hana kipimo cha ndani cha uhuru wake, kwa sababu hakuwahi kuruhusiwa kukijenga. Hapa sababu na matokeo vimeshikana barabara. Methali isemayo mtoto umleavyo ndivyo akuavyo haitamkwi kama funzo, inatendeka. Baada ya Rosa kujiua, riwaya inahamia katika hukumu ya mbinguni, ambako lawama hupimwa na kugawanywa. Sehemu hiyo imejadiliwa sana, na upo utetezi wa haki: mahakama hiyo inampa sauti msichana aliyenyamazishwa. Hata hivyo, kwa jicho la udurusu, swali linabaki. Hukumu ile inasema kwa maneno jambo ambalo msuko ulikwisha kulithibitisha kwa vitendo. Maneno hayo yangekuwa na uzito gani kama yangemkabili Zakaria wakati bado ana nafasi ya kubadilika au kukataa kubadilika? Ukweli unaosemwa baada ya kifo haumgharimu tena mtu yeyote aliye hai katika kisa.

Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed inafuata njia nyingine kwa jambo linalokaribiana na hilo. Bwana Maksuudi, mtu mwenye mali na heshima ya nje, anawafungia mkewe Tamima na bintiye Maimuna ndani ya nyumba. Kitendo alichokikusudia kuwa ulinzi ndicho kinachomfukuza Maimuna kutoka katika nyumba hiyo. Anguko la Maksuudi halishuki kutoka kwa msimulizi kama adhabu. Linatokana na yale aliyowatendea wanawake waliomzunguka, nao hawabaki kuwa watu wa kutendwa tu. Msomaji hahitaji kuambiwa nani mwenye makosa. Amekwisha kuyaona makosa yakitembea kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Katika Kuli (1979) ya Shafi Adam Shafi, Rashidi, mtoto wa kuli, anakuwa kuli mwenyewe na kuingia katika harakati za wafanyakazi zinazofikia kilele katika mgomo wa mwaka 1948 huko Zanzibar. Nguvu ya riwaya hii ni kwamba hali ya maisha ya bandarini ndiyo inayomfundisha Rashidi siasa. Hatari yake ni ile inayoikabili kila riwaya ya harakati: kadiri umma unavyoinuka, ndivyo haja ya mtu mmoja inavyoweza kufifia, hata mhusika akawa mdomo wa kikundi. Swali la udurusu hapa ni dogo lakini lina makali: Rashidi ana nini cha kupoteza katika mgomo ambacho mwenzake hana? Mwandishi anapolijibu swali hilo, mgomo huwa mzito zaidi, kwa kuwa mshikamano unakuwa kitu ambacho kila mmoja amekilipia kwa namna yake.

4.0 Mirathi ya Hatari: uovu kama urithi au kama chaguo

Riwaya inayoligusa suala hili kwa karibu zaidi katika mandhari ya Nyanda za Juu Kusini ni Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o, iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1977. Msingi wa kisa chake ni kijana aliyesoma, Gusto, anayerithishwa uchawi na baba yake. Msingi huo una mvuto mkubwa, kwa sababu unaweka elimu ya darasani na mamlaka ya ukoo ndani ya kifua cha mtu mmoja.

Lakini neno mirathi, lililo katika jina lenyewe la riwaya, linaibua tatizo la kimuundo. Urithi ni kitu anachopewa mtu. Mhusika anayepewa yuko katika hatari ya kuwa mpokeaji tu. Ili urithi ugeuke kuwa msuko, mrithi sharti awe na uwezo wa kukataa, na kukataa kwake sharti kuwe na gharama inayoeleweka. Kwa hiyo, katika kuisoma riwaya hii, na katika kudurusu mswada wowote unaofanana nayo, uzito haumo katika mambo ya kutisha yanayofuata. Umo katika kipindi kifupi kilicho kati ya kupewa na kupokea. Hapo msomaji anahitaji kujua kijana anatamani nini hasa: kumridhisha mzazi, kuogopwa, kulipa kisasi, au kubaki hai tu. Kila jibu huzaa riwaya tofauti.

Jambo hili si la fani peke yake. Mwanzoni mwa mwaka 2019, mauaji ya watoto yaliyotokea Njombe na kuhusishwa na imani za kishirikina yaliitikisa nchi nzima. Mbele ya matukio kama hayo, riwaya inayouleta uovu kama kitu kilichomo katika damu ya ukoo, na riwaya inayouonesha kama chaguo la watu wenye majina, masilahi na nafasi ya kukataa, ni riwaya mbili zenye maadili tofauti. Ya kwanza inaweza, hata bila mwandishi kukusudia, kuthibitisha imani kwamba hakuna wa kuwajibika. Ya pili inamrudishia mtu wajibu wake. Kwa hiyo, mwandishi anayeimarisha uamuzi wa mhusika haongezi taharuki tu. Anaamua lawama ikae wapi.

5.0 Mswada wa mfano: kijana, shamba la miti na gunia la viazi

Ili hoja isibaki katika nadharia, uchukuliwe mswada wa mfano. Katika rasimu ya kwanza, kijana wa kijiji kimojawapo cha Njombe anachoshwa na ugumu wa maisha, anakwenda Makambako, anaajiriwa na dalali wa viazi mviringo, anaingia katika ulevi, anadhulumiwa, anaugua, na anarudi kijijini akikuta mama yake amekwisha kufariki. Wazee wanamkalisha chini na kumwasa. Lugha ni safi na ujumbe uko wazi. Kinachokosekana ni ulazima. Sura ya ulevi ikiondolewa, sura ya ugonjwa haitetereki. Sura ya dhuluma ikihamishwa mbele au nyuma, hakuna kinachovunjika. Matukio yameunganishwa kwa neno kisha, wala si kwa neno kwa hiyo.

Hatua ya kwanza ya udurusu ni kumpa kijana haja iliyo mahususi. Ugumu wa maisha si haja. Ni hali ya watu wengi. Historia ya Njombe inatoa malighafi bora zaidi. Kwa miongo mingi, wanaume wa Njombe walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge. Kuanzia mwaka 1949, kampuni ya TANWAT ilianzisha mashamba makubwa ya miwati wilayani humo, na hadi leo shamba la miti ni akiba ya familia nyingi. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu historia ya familia za Njombe katika karne ya 20, anaonesha namna watu waliotengwa na dola walivyoijenga familia kuwa kimbilio lao. Kutokana na historia hiyo, haja ya kijana inaweza kutajwa kwa sentensi moja: babu yake alirudi kutoka manamba akapanda miti, baba mdogo ameliweka shamba hilo rehani, kijana anataka kulikomboa kabla miti haijakatwa. Sasa safari ya Makambako ina sababu, ina muda wa mwisho, na ina mtu anayeweza kuumia.

Hatua ya pili ni kumfanya kijana achague mahali ambapo rasimu ya kwanza ilimfanya atendwe. Katika rasimu hiyo, msimulizi anaeleza kwamba dalali hakuwa mwaminifu. Maelezo hayo yanaweza kufutwa na nafasi yake ikachukuliwa na onyesho moja la lumbesa. Lumbesa ni gunia linalojazwa kupita kipimo chake, likaongezewa kilemba juu na kushonewa kwa kamba, huku mkulima akilipwa bei ya gunia moja. Ni jambo linalokatazwa na sheria ya vipimo, na kila mkulima wa viazi analijua. Katika rasimu ya pili, shangazi wa kijana analeta viazi vyake. Anamsalimia kwa Kibena, kamwene, kama alivyomsalimia tangu utotoni. Kijana, akiwa mbele ya dalali, anamjibu kwa Kiswahili cha sokoni, karibu mteja, kisha anashika sindano na kulishona gunia la lumbesa kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna anayemlazimisha. Malipo ya siku hiyo yanalisogeza shamba karibu naye.

Onyesho hilo linafanya kazi nne kwa pamoja. Linamwonesha kijana akichagua. Linaigeuza lugha kuwa ushahidi wa tabia, kwa kuwa kuhama kutoka Kibena kwenda Kiswahili ni kuukana udugu bila kutamka neno la kuukana. Linazaa matokeo, kwa sababu shangazi amepata hasara na amejua. Tena linaibeba dhamira ya dhuluma dhidi ya mkulima kwa uzito ambao hotuba haiwezi kuufikia, kwa sababu mdhulumu si jitu kutoka mjini. Ni mtoto wa nyumbani.

Hatua ya tatu ni kumpa mpinzani sababu. Dalali wa rasimu ya kwanza ni mwovu kwa sababu kisa kinahitaji mwovu. Katika rasimu ya pili, dalali anabeba hasara ya viazi vinavyooza mvua zinapoharibu njia na magari kukwama. Naye ana mdai wake aliyeko Dar es Salaam. Hilo halimtakasi. Linamfanya awe mtu ambaye kijana anaweza kumwelewa, na hata kumfuata. Mpinzani anayeeleweka ni hatari zaidi kwa mhusika kuliko mpinzani anayechukiza, kwa sababu mhusika anaweza kujiona ndani yake.

Hatua ya nne inahusu mandhari. Rasimu ya kwanza ilitumia ukungu na baridi ya Juni kama pambo la kufungulia sura. Mandhari inayofanya kazi huamua jambo fulani. Mvua inaamua gari lifike au likwame. Umri wa miti unaamua kama rehani inaweza kusubiri. Umbali mfupi kati ya Njombe na Makambako una maana pia: kijana hayuko uhamishoni. Anaweza kurudi nyumbani jioni yoyote, na kila jioni asiyorudi ni uamuzi mpya. Njia panda sasa imeacha kuwa mahali alipopita na imekuwa jambo analolirudia.

Hatua ya mwisho ni kuuondoa mkutano wa wazee. Kijana analikomboa shamba. Fedha aliyoitoa imo ndani yake thamani ya viazi vya shangazi na vya majirani zake, na wao wanalijua hilo. Miti imesimama, lakini hapati mtu wa kijijini wa kumsaidia kuipalilia. Riwaya haihitaji kueleza kwamba amekiokoa kitu na kuivunja maana yake. Msomaji atalifikia hitimisho hilo mwenyewe, na kwa kuwa amelifikia mwenyewe, hatalisahau upesi.

6.0 Pingamizi mbili

Pingamizi ya kwanza ni kwamba dai la mhusika mwenye haja ya ndani limetoka nje, na kwamba fasihi ya Kiswahili imejengwa juu ya adili na masimulizi simulizi yenye wahusika bapa. Pingamizi hii ina ukweli kuhusu ubapa, lakini inakosea kuhusu haja. Sungura wa ngano ni bapa, ila hakuna anayeshindwa kusema anataka nini: anataka kula bila kuchimba kisima. Haja hiyo ndiyo inayoendesha ngano, na hila yake ndiyo inayomrudia. Vivyo hivyo, ngano za mwiko hujengwa juu ya kitendo cha mtu anayeonywa na kuamua kukiuka. Watambaji hawakumbebesha Sungura funzo. Walimwacha atende, kisha wakakoma. Riwaya inayomnyima mhusika uamuzi imejitenga na utambaji huo kuliko ilivyojitenga na nadharia ya kigeni.

Pingamizi ya pili ni kwamba mapendekezo haya yanaweza kuzilazimisha riwaya zote zifuate kigezo kimoja cha mgogoro, kilele na suluhisho. Tahadhari hii ni ya msingi. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na kwa kukosa mchapishaji akaja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Mwendo wake ni wa misimu, ziara, tiba, kilimo na adabu, wala hauharakishwi na mgogoro mmoja. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi, kwa upande mwingine, zinavunja mfuatano wa wakati kwa makusudi. Mhariri anayeipangua kazi ya namna hiyo ili ifanane na riwaya ya upelelezi ataiua.

Hata hivyo, kazi hizi haziondoi swali la haja. Myombekere na Bugonoka wanataka mtoto, na kila ziara, kila mganga na kila safari ina nafasi yake kutokana na utashi huo. Msafiri wa Nagona anatafuta, hata pale kinachotafutwa kinapokataa kupewa jina. Udurusu unaopendekezwa hapa hauulizi kama riwaya ina umbo fulani. Unauliza kama umbo lake, liwe lolote lile, limetokana na watu waliomo ndani yake.

7.0 Hitimisho

Mjadala huu unaelekeza kwenye mpangilio wa udurusu ambao ni kinyume cha mazoea. Kwanza iandikwe, kwa sentensi moja, haja ya mhusika mkuu. Sentensi hiyo ikishindikana, hakuna haja ya kuendelea na marekebisho mengine. Pili, kila sura itafutiwe uamuzi ulio ndani yake na mtu aliyeufanya. Sura isiyo na uamuzi wala matokeo ya uamuzi iunganishwe na nyingine au iondolewe. Tatu, mpinzani apewe sababu ambayo yeye mwenyewe angeitetea. Nne, mandhari ipimwe kwa swali la kama kisa kingebaki vilevile kikihamishiwa kwingine. Tano, mwisho wa riwaya usomwe ukiwa umeondolewa maelezo ya funzo, ili ionekane kama matukio yenyewe yanatosha. Lugha isahihishwe mwisho, kwa kuwa ni kazi bure kuisanifu sentensi ambayo sura yake itaondolewa.

Mpangilio huu una maana kwa taasisi pia. Waamuzi wa tuzo wanaweza kuwarudishia waandishi maelezo mafupi kuhusu haja ya mhusika na mahali msuko ulipokatika, badala ya alama peke yake. Walimu wa fasihi wanaweza kuwauliza wanafunzi, kabla ya dhamira, ni nani aliyeamua jambo gani na katika ukurasa upi. Wahakiki nao wanaweza kuziangalia riwaya zilizokwisha kuchapishwa kama kazi zilizotokana na machaguo, ambazo zingeweza kuandikwa vingine. Kwa njia hiyo, uhakiki utamfaa mwandishi aliyeko Njombe akiwa na mswada wake mezani, wakati ambapo sura yoyote bado inaweza kuandikwa upya.